Mama wa Dirishani

Bi Rahabu alipomwona mwinjilisti anashuka na njia, alivuta kanga usoni, akaruka mtaro na kutokomea kwenye mahindi. Alikuwa na miaka sitini na ushei na ndoo ya maji kichwani, na hakumwaga hata tone.

"Shikamoo, mama!" Dotto aliyapigia kelele mahindi.

Mahindi hayakuitikia.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Dotto alipofika kutoka Mwanza mjini, Bi Rahabu ndiye aliyempokea, akamkaribisha jikoni, wakala makande kwenye sahani moja. Alimcheka hata alivyoshika jembe. Wakubwa wa Dotto walikuwa wamempa kazi moja tu: kitongoji hiki cha chini ya kijiji cha Mtae kipate kanisa lake, kwa sababu la karibu lilikuwa juu mlimani, na watu walilipandia Krismasi na Pasaka, basi.

Kwenye semina walimwambia, tumikia kwanza, hubiri baadaye. Na kitongojini kila mtu alimwambia kwamba Bi Rahabu, mjane na mkubwa wa ukoo, ndiye mlango. Akiingia yeye, ukoo mzima utaingia.

Basi Dotto akatumika. Alilima shamba la Bi Rahabu, kwenye mteremko ambako mtoto wa mjini hulima kwa mkono mmoja huku mwingine umeng'ang'ania mgomba. Alimpasulia kuni. Alimpigilia bati lililong'olewa na upepo. Kila akienda Lushoto hakurudi mikono mitupu: sukari, chumvi, na baridi ilipokaza, blanketi zito.

Blanketi ndilo lililoharibu mambo. Bi Rahabu alilipokea, akalitazama, akaingia nalo ndani. Tangu siku hiyo hakumwangalia tena usoni. Dotto aliwaza sana. Labda ni rangi. Labda huku blanketi la kijivu lina maana yake.

Chakula hakikukatika, ila sasa kililetwa na Modesta, binti wa Bi Rahabu, mwalimu wa chekechea na sauti ya kwanza ya kwaya. Dotto alikuwa akipokea sufuria huku macho yameganda kwenye kifuniko. Alikuwa kazini, alijikumbusha. Na ukweli ni kwamba alimpenda binti yule kiasi cha kusahau mstari wa kuhubiri.

Jumapili Bi Rahabu alikuja ibadani. Lakini alikaa nje, kwenye nyasi chini ya dirisha la chumba cha ibada, akipukuchua maharage. Tenzi zote aliziimba. Mahubiri yakimgusa, alilia waziwazi. Kuingia tu ndiko kulikomshinda, na ukoo wake, kwa heshima ya mkubwa wao, ukakaa nje naye. Ndani walibaki kwaya na wazee wachache wenye kuogopa baridi.

Dotto alimfuata Mzee Sheshe, shemeji yake Bi Rahabu.

"Shikamoo, mzee. Mama ana nini na kanisa?"

"Marahaba. Na kanisa? Hana neno."

"Basi ana nini na mimi?"

Mzee Sheshe alimtazama, akacheka mpaka akakohoa. "Nyie watu wa Mwanza," akasema, akijifuta machozi, "mna haraka! Umeshalima, umeshaleta blanketi; yaliyobaki ni mambo ya wakubwa, nayo huenda taratibu, mwanangu."

Dotto alirudi chumbani kwake akafunga na kuomba. Alikemea pepo la ukaidi lililokaa pale nje ya dirisha la ibada, kwa sauti ya chini, asije akasikika.

Kisha akaja Mchungaji Clemence, mzaliwa wa Bumbuli, milima hii hii, kuamua kama kanisa lifunguliwe au Dotto ahamishiwe kwingine. Alikuwa mtu mpole, lakini hakuficha. "Mwinjilisti, mimi natazama mabenchi. Walioko kwenye nyasi siwezi kuwapelekea wakubwa."

Jumapili hiyo, akihubiri, Dotto alitazama mabenchi. Yalikuwa na nafasi ya kulala. Aliona mzigo wake ukifungwa, aliona sufuria ikipelekwa kwa mwinjilisti mwingine, na moyo ukamuuma kweli. Akafunga Biblia katikati ya mahubiri, akaenda dirishani.

"Mama," akasema, "nakuomba mbele za Mungu na mbele ya Mchungaji. Kama nilikukosea, nisamehe. Nini kinakuzuia kuingia?"

Nje, Bi Rahabu alijifunika kanga gubigubi, akageukia migomba, akamnong'oneza Mzee Sheshe. Mzee akasimama, akasafisha koo.

"Anasema hujamkosea kitu. Kanisa analipenda, na yuko tayari kuingia leo hii pamoja na watu wake wote. Ila anauliza, tangu lini mama mkwe akakaa chumba kimoja na mkwewe? Mkwe akitoka, yeye ataingia."

Dotto alishusha pumzi. Kumbe ni hilo tu! Miezi yote ile ya kufunga na kukemea, kumbe ni mila ya kawaida, tena ya heshima! Aliyageukia mabenchi akiwa na furaha ya mtu aliyepata ng'ombe wake aliyepotea.

"Ndugu zangu," alisema, "mkwe wa Bi Rahabu, kama umo humu, nakuomba kwa upendo utoke sasa hivi, umpishe mama aingie."

Hakuna aliyeinuka. Modesta alikuwa amejifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Wazee waliangalia dari.

Mwishowe Mchungaji Clemence alisimama, akamshika Dotto bega.

"Mwinjilisti," akamwambia kwa upole, "toka nje."