Honi Tatu za Limón

"Bahari imechafuka, meli haifungi gatini leo," alininong'oneza dereva wa watalii, akikunja kibao chake cha safari za kuona kasa hifadhini. "Bibi, hiyo sufuria ya samaki wa nazi tuachie sisi basi!"

Nilimkonyeza anyamaze. Mume wangu, kwenye kiti cha magurudumu kando yangu, haoni tena, na daktari ameshasema Krismasi hafiki. Mwanetu Selvin ni mpishi kwenye meli ile, na alikuwa ameruhusiwa kushuka kidogo kumwona babake.

Tangu alfajiri mzee alikuwa ndani ya shati jeupe, kifungo cha shingo kimembana mpaka ngozi imejikunja.

"Mama Selvin, ameshashuka?"

"Anashuka, mzee wangu. Foleni ndefu."

Akacheka. "Nifute macho. Asije akanikuta nalia kama mtoto."

Nikamfuta kwa ncha ya leso.

Ndipo meli ikapiga honi tatu ndefu.

Mume wangu alipakia ndizi kwenye bandari hii ya Limón maisha yake yote. Honi tatu ndefu ni za kuaga.

Akakitafuta kifungo cha shingo kwa vidole vyake, vikashindwa.

"Nifungulie," akasema.