Ngoma ya Mtupo wa Mwisho

Mpira ulisikika ukidunda kabla Mwidini hajafungua mlango wa ukumbi. Alikuja na ngoma begani na maneno makali mdomoni, maana chuo chao kilikuwa kimepoteza fainali ya mpira wa kikapu kwa pointi moja. Ndani alimkuta Tuntufye, aliyekosa mtupo huru wa mwisho, akirusha kutoka mstari uleule.

"Hukukabwa na mtu, kaka. Unakosaje?"

"Ulipiga ngoma."

Mwidini aliitazama ngoma begani. Ngoma ile hupigwa wapinzani wanaporusha tu, ili kuwavuruga. Furaha ya fainali ilimsahaulisha, akaipiga Tuntufye aliporusha.

"Sijamwambia mtu," Tuntufye alisema. "Mechi ya kwanza ulikuwa shabiki wetu pekee. Ngoma hiyo ndiyo iliyotufikisha fainali. Asante."

Mwidini aliishusha ngoma, akaikalia.

"Rusha," alisema. "Mwakani ukisimama hapo, nitaikalia hivihivi mpaka mpira uingie."