Hatua za Chilongani

Njia ya baiskeli na waenda kwa miguu iliyokatiza mji wa Dodoma ilipima mwendo wa kila mtu. Wepesi na wenye baiskeli walipita kulia, wazito kushoto. Taa ya kijani isipowaka miguuni pako, huvuki mstari wa katikati kwenda kulia.

Yustina alipougua kiharusi, alipangiwa kushoto. Mumewe Chilongani, fundi seremala, hakutaka atembee peke yake. Aliacha baiskeli yake nyumbani, akaanza kuchechemea makusudi kando ya mkewe.

"Baba Neema, watakugundua."

"Wagundue tu. Nishike mkono."

Walitembea hivyo miezi minane, wakizungumza kuliko walivyowahi kuzungumza katika ndoa yao. Yustina akapata nafuu. Asubuhi moja taa ikamwakia, akavuka kulia huku akicheka.

"Njoo basi! Acha maigizo."

Chilongani alinyoosha mgongo, akaongeza mwendo. Taa haikuwaka. Akajaribu tena, kwa nguvu zake zote, lakini mguu ulichechemea wenyewe.

Yustina, ambaye upande ule hakuruhusiwa kusimama, aligeuza shingo kumtazama. Alipoona jasho usoni mwa mumewe, aliacha kucheka.