Burashi ya Arobaini na Moja

Burashi arobaini za Nazari zilikuwa na majina. Ya arobaini na moja haikuwa na jina, na hiyo ndiyo iliyomtoa Nazari jasho siku fundi William alipoingia dukani na CD yake inayong'aa.

Zile arobaini zilijulikana Ifakara nzima, hata kwa watu ambao hawajawahi kuiona kompyuta. Jani la Mpunga ilipamba kadi za harusi. Magamba ya Perege ilionekana kwenye vibao vya wauza samaki. Ndevu za Katekista ilichora moshi, mawingu na, mteja akisisitiza, ndevu. Zilikuwa alama za kuchorea ndani ya kompyuta, unabonyeza na mchoro unatua; Nazari alizitengeneza moja moja kwa miaka miwili, kwenye kompyuta ya duka la uchapaji la Mama Febronia, kwa kipanya kilichokuwa kikigoma kwenda kushoto.

Sasa William alikuwa amefika kutoka Morogoro na toleo jipya la programu ya kuchora.

"Hii ni bomba, kaka," alisema. "Rangi milioni kumi na sita."

"Za nini zote hizo? Bwana harusi ana suti moja."

"Tatizo ni hizo burashi zako. Hazihami zenyewe. Ama tunazifungua moja moja, mimi na wewe, tunaziingiza upya. Ama tunafuta, unaanza sifuri."

"Kufuta?" Mama Febronia aligeuka kutoka kwenye mashine ya fotokopi. "Burashi hizo ndizo duka lenyewe! Fungueni moja moja, na mimi nitakaa hapa hapa nizione zote."

Nazari akaikinga skrini kwa mgongo. Ile ya arobaini na moja ilikuwa muhuri wa kata.

Ilianza Januari, mvua za El Niño zilipokata barabara. Mkulima mmoja wa ng'ambo ya mto, Damiani, aliingia suruali imekunjwa hadi magotini, mkononi ana barua ya kumtambulisha binti yake shuleni. Barua ilikuwa imeandikwa vizuri, herufi zimelala upande wa kulia kwa mwandiko wa watu waliosoma zamani. Hata saini ilikuwepo, na Nazari hakutaka kujua imetoka wapi. Ilikosa muhuri tu, na nchi hii kila mtu anajua kwamba barua isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga.

"Ofisi ya kata ina maji hadi dirishani, ndugu yangu," Damiani alisema. "Nimeambiwa nikuone wewe."

"Umeambiwa na nani?"

"Watu."

Nazari alimhurumia. Mama Febronia alipotoka kwenda kunywa chai, alichukua barua ya zamani yenye muhuri, akaipitisha kwenye skana, akaugeuza ule muhuri kuwa burashi. Ukibonyeza mara moja, duara la zambarau linatua kwenye skrini, kisha printa inaligonga juu ya barua. Aliacha upande mmoja ufifie kidogo, kama uliogongwa na mtumishi mwenye njaa. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Wiki iliyofuata walikuja watatu. Kisha kumi. Wote walikuja saa ya chai, barua zimeshaandikwa kwa mwandiko uleule wa kulala, na wote walikuwa wameambiwa na watu. Kufikia Agosti, Nazari alikuwa akiogopa kila mtu aliyevaa viatu vya ngozi. Kughushi muhuri wa serikali si mchezo. Unakwenda kula maharage ya serikali hiyo hiyo, miaka na miaka.

Angeifuta hiyo moja tu, mambo yangekwisha. Lakini programu ile kuukuu ilijua kupokea burashi, haikujua kutoa moja. Ni kufuta zote au kuziacha zote.

Alimzungusha William siku mbili kwa visingizio. Siku ya tatu akakata shauri.

"Futa. Zote."

"Siku zote ulisema labda ufe kwanza!" Mama Febronia alimaka.

"Nimebadili mawazo, mama. Tusonge mbele."

William akabonyeza. Miaka miwili iliisha kwa muda wa kupiga chafya moja. Nazari alitaka kulia, Jani la Mpunga ilimuuma hasa, lakini mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetoka kuoga mtoni. Ushahidi haukuwepo tena.

Saa tano asubuhi, Afisa Mtendaji wa Kata, Bwana Stanislaus, aliingia na bahasha nene ya kaki kwapani. Hakuwahi kukanyaga duka lile hata siku moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Febronia, na wewe fundi, hebu nipisheni kidogo na huyu."

Mlango ulipofungwa, alitoa barua moja na kuilaza mezani. Ilikuwa na duara la zambarau, upande mmoja umefifia.

"Hii ni kazi yako?"

Nazari alipiga magoti. "Ni mimi, mzee. Nisamehe. Lakini nimeufuta leo hii. Haumo kwenye kompyuta, haumo kwenye disketi, haupo popote. Naapa, hakuna atakayeugonga tena."

Bwana Stanislaus alikaa ghafla, bila kuangalia kama kiti kipo. Akaifungua bahasha. Barua zikamwagika mezani, hamsini, sitini, hakuna hata moja yenye muhuri, na herufi zote zimelala upande wa kulia.

"Muhuri wa ofisi ulikwenda na maji Januari," alisema. "Ningetoa taarifa, na kazi ingekwenda nao. Hao watu wote, wewe ulidhani nani alikuwa akiwatuma kwako?"

Nazari, bado amepiga magoti, aliigusa barua iliyokuwa juu.

"Nakuuliza, kijana! Nani amekupa ruhusa ya kufuta mali ya serikali?"