Kichupa Kitupu

Bi Mwanahawa na mke mwenzake, Zamzam, walikuwa wamenuniana kwa miaka. Jambo moja tu liliwakutanisha: kila alfajiri Zamzam alimtia Bi Mwanahawa matone ya presha ya macho. Sasa daktari alikuwa amempandikiza jichoni kidude kidogo kuliko punje ya mchele, kitakachotoa dawa chenyewe kwa miezi.

“Hutaniambia tena nina mkono mzito,” Zamzam alisema walipotoka hospitali.

“Na wewe hutanipumulia vitunguu usoni.”



Kesho yake alfajiri, Bi Mwanahawa alijilaza mkekani kama kawaida, kichupa kitupu cha matone kifuani. Kandambili za Zamzam zilivuka ua, zikasimama nje ya pazia. Bi Mwanahawa hakumwita. Aliinua uso, akafumbua jicho, akangoja.