Bata Mbele ya Mamba

Zama zile wanyama walipomfukuza Simba kitini, mamba wa ng'ambo wakaona ndiyo nafasi, wakalivamia ziwa. Bata roho juu, maana vifaranga wake walikuwa kwenye matete.

"Tununue mitumbwi," akasema Kiboko, wakubwa walipokaa barazani kupanga vita.

"Tununue mbawa," akasema Kunguru. "Mtumbwi wa kukubeba wewe utatoka wapi?"

"Jamani, mamba hao wanakuja," akasema Bata.

"Ngoja, mama, wakubwa tunazungumza," akasema Kiboko.

Bata hakungoja. Akajitosa majini, akawa anaburuta bawa kama limevunjika. Mamba wakamfuata kwa uchu mpaka kwenye maporomoko. Bata akaruka zake juu, wao maji yakawazoa.

"Mmeona?" akasema Kiboko. "Tumeshinda majini."

"Angani, bwana," akasema Kunguru.

"Haya, amueni taratibu," akasema Bata. "Mimi nakwenda kulaza wanangu."