Nafasi Mbili za Februari

Kampuni zilikuwa na haki ya kujua siku ya kufa ya kila mtu. Mwenyewe hakuruhusiwa kuambiwa. Elinami na mkewe Ndeshi, walimu wastaafu wa Moshi, waliomba safari yao ya kwanza ya meli, kwenda Shelisheli mwezi Agosti. Kampuni ya meli, mpya katika kazi hiyo, ilijibu kwamba ipo nafasi moja tu, ya Elinami. Akajaribu Julai, kisha Aprili: moja. Februari ndipo zikapatikana mbili.

"Wanasemaje, Baba Upendo?" Ndeshi aliuliza.

"Agosti bahari huchafuka. Twende Februari."

Ndeshi akakaa kitandani.

"Basi mwambie binti yetu harusi isingoje Juni," akasema taratibu. "Aolewe Januari, nimwone."